Gari Itashuka Kesho

Tulimzika Bura kule Endasak, kwenye mteremko juu ya shamba lake la maharage, na mvua ilianza wakati bado tunatupia udongo. Sitaanza na nilizaliwa wapi wala wazazi wangu walilima nini, hayo kila mtu anayo. Naanza na jiko la mjane wake, maana huko ndiko nilikomkuta Sista Zainabu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, mzee, miguu imevimba kwa safari ya basi kutoka Tanga, anachambua mchele kwenye ungo kama mtu wa nyumba ile. Nikapiga goti. "Shikamoo Sista." Akaniangalia muda mrefu. "Marahaba. Wewe ni Yustina au ni mtoto wake?" Nikasema ni mimi mwenyewe. "Mbona umezeeka hivyo, mwanangu? Basotu nilikuacha msichana, kiuno kama nyigu." Wanawake jikoni wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu akasogeza ungo pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, kabla hata hajaniuliza nina watoto wangapi: "Yale mabamba, Bura aliyaweka wapi?" Nikamwambia sijui. Kweli sikujua. Lakini nilijua anaulizia mabamba gani, na kuanzia hapo sikusikia tena mahubiri ya katekista wala kwaya. Niliporudi nyumbani baada ya msiba nikaanza kuandika haya. Enzi zile nilikuwa naandika kila jioni, madaftari yakajaa, na mchwa wameyala yote. Nimebaki na kichwa tu, na kichwa changu hakina subira, kwa hiyo nitakwenda haraka.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilidhani nitaitwa kidato cha tano, na wakati nangoja kuitwa nikapata kazi ya ukarani kwenye zahanati, kule juu Basotu ambako mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa yanafika mpaka jicho linapoishia. Nikajiambia ni miezi michache tu. Sista Zainabu ndiye alikuwa mkuu wa zahanati, na kwa vile mimi sikuwa na nyumba akanipa chumba cha nyuma kwenye nyumba yake ya serikali. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, dirisha lisilo na kioo lililozibwa na gunia, na upepo wa Basotu ambao haukuwahi kuheshimu gunia. Sebuleni kulikuwa na viti viwili vya mbao na friji ya mafuta ya taa. Ile friji ndiyo ilikuwa bwana mwenye nyumba. Ilikuwa inatunza chanjo, na Sista hakutaka ikae zahanati kwa sababu mlango wa zahanati ulifungwa kwa kamba. Juu yake alitandika kitambaa alichofuma mwenyewe, na kila asubuhi kabla ya kusalimiana na mtu alikuwa anapiga magoti kuangalia kama moto wake chini ni wa bluu. Ukigeuka njano, siku nzima imeharibika.

Tulikula nini? Watu wa mbali walikuwa wanadhani sisi wa kwenye ngano tunakula mkate. Mkate hatukuuona. Ngano iliingia kwenye malori ikaondoka, na sisi tukabaki na ile iliyodondoka nyuma ya kombaini, ambayo wanawake walikuwa wanaiokota kwa kanga. Sista alikuwa anaichemsha nzima nzima na maharage, kama makande, inachukua nusu siku kuiva. "Kwetu Tanga nikiwaambia nakula hiki, watasema nimefungwa," alikuwa anasema huku anatafuna. Bura, dereva wetu, alikuwa anakuja kula jioni na kijiko chake mwenyewe mfukoni. Alikuwa Mwiraqw mrefu, mkimya kwa watu, lakini na gari alikuwa anaongea. Ilikuwa Land Rover ya zamani, shamba la ngano liliichoka likatupatia sisi. Mlango mmoja ulikuwa wa rangi ya kijani na mwingine wa rangi ya maziwa. Bura aliipenda kama ng'ombe wake wa kwanza.

Kazi ya gari ile ilikuwa kushuka bondeni, kwenye vijiji vya wafugaji vya kando ya ziwa Balangida, kupima watoto na kuwachanja. Mwanzoni akina mama hawakuja. Waume walikuwa wanasema mwanamke atapoteza siku nzima kwa ajili ya sindano, na ng'ombe nani atakamua? Sista akakaa akafikiri. Ziwa lile likikauka linaacha chumvi, watu wanaichota, na huku juu kila mwenye ng'ombe anaitafuta. Kazi ngumu ni kuipandisha mlima. Basi Sista akatangaza: mama akileta mtoto kliniki, anaruhusiwa kupakia gunia lake la chumvi kwenye gari, tunampandishia bure mpaka kwa ndugu zake wa huku juu. Mwezi uliofuata tulikuta akina mama wamejipanga chini ya jua kama wanangoja askofu. Waume wenyewe ndio waliowaleta. Ndivyo kliniki ilivyojaa. Magunia yalikuwa mabichi bado, yanatiririka maji meupe kwenye sakafu ya gari njia nzima, na sisi tumekaa juu yake tunaimba. Na kabla ya kupanda, Bura alikuwa anaegesha pale pale ukingoni mwa ziwa, anavua viatu, anakunja suruali, anaiosha gari kwa ndoo. Hakukosa hata safari moja. "Gari ya Sista haiwezi kupanda kwa watu na tope," alikuwa anasema. Alikuwa analala chini kabisa, anarushia maji huko uvunguni, kwenye tairi, nyuma ya tairi, kila mahali. Maji ya ziwa.

Udagwenga alikuwa wa kwanza kuleta mtoto baada ya tangazo lile. Mama kijana wa Kibarbaig, gauni la ngozi, bangili za shaba mkononi, na mdomo hauishi utani. Mtoto wake alikuwa anaitwa Gidamuna. Mimi ndiye niliyekuwa namning'iniza kwenye mzani, na kila mara alikuwa ananikojolea. Udagwenga alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu, anamwambia Bura kwa Kibarbaig amwambie karani kwamba mkojo wa mwanamume ni mahari, sasa ameshaolewa. Tulipata chanjo ya surua kidogo mwaka ule. Siku ilipofika zamu ya mstari wao, chupa ikawa imekwisha, tukawaambia wangoje safari nyingine.

Ilikuwa wakati wa mavuno. Kombaini zilikuwa zinanguruma kutoka alfajiri na vumbi la makapi linaingia mpaka kwenye uji. Nilikuwa nafagia baraza la zahanati nikamwona Udagwenga anakuja peke yake kwa miguu, bila mtoto. Alikuwa amepanda mlima ule wote na nyayo zimepasuka zinatoa damu. Hakutania. Alikaa chini kwenye baraza akazungumza na Bura kwa lugha yake, harakaharaka, na Bura akawa anatafsiri vipande vipande. Surua imeingia kule. Watoto wa boma la jirani wamelala. Gidamuna ana homa, ana vipele, halafu macho yamekuwa mekundu na hataki mwanga, akitolewa nje anapiga kelele, anataka kukaa gizani tu. Amemwacha kwa mke mwenzake. Sista akaacha kufunga bandeji akasimama. "Muulize, macho yanatoa usaha?" Bura akauliza. "Anasema ndiyo." Sista akaingia ndani. Nilimfuata, nikamkuta anapekua kabati. Akanionyesha kichupa cha vidonge vya mafuta, vya vitamini. "Hiki kikiingia mdomoni mapema, macho yanapona. Kikichelewa, kioo cha jicho kinayeyuka. Nimeona kwa macho yangu, Yustina. Kinayeyuka kama barafu." Na chanjo ilikuwa imefika juzi yake tu kutoka Mbulu, ya kutosha vijiji vyote vya chini. Mwambie Bura awashe gari, akasema. Tunashuka sasa hivi.

Bura hakuwasha. Alisimama mlangoni ameshika kofia. "Sista, breki. Jana nimekanyaga ikaenda mpaka chini. Nimeona mafuta ya breki yanavuja tairi za nyuma. Naomba nifungue niangalie, kesho asubuhi mapema tunashuka." Pale ndipo hesabu ilipoanza, na hesabu ile nimeirudia maisha yangu yote na bado sioni palipokosewa. Kwa miguu, na nyayo zile, Udagwenga angefika kwao kesho jioni. Kwa gari, tukiondoka kesho alfajiri, angefika kesho kabla ya mchana, na dawa, na Sista mwenyewe. Nani angemwambia atembee? Sista akamwambia kupitia Bura: lala hapa, upumzishe miguu, gari itashuka kesho. Akakubali. Nikamtandikia kanga chumbani kwangu.

Sasa nieleze hayo mabamba, kwa sababu mimi pia sikuyajua mpaka siku ile. Tairi ya nyuma ina ngoma ya chuma inayozunguka nayo. Nyuma ya ngoma kuna bamba la mviringo ambalo halizunguki, limefungwa kwenye ekseli. Hilo ndilo limeshika kila kitu: viatu vya breki, springi zake, na kisilinda kinachosukuma viatu vikabane ngoma. Ukikanyaga breki, nguvu yote ya gari inakwenda kulalia bamba lile. Bura alitoa tairi ya kwanza, ngoma ikakataa kutoka. Akagonga kwa nyundo, taratibu, akizungusha. Haikutoka. Tukahitaji mafuta ya taa ya kulainisha, na mafuta ya taa hayakuwepo madukani Basotu nzima, yalikuwepo kwenye tangi la friji tu. Sista akapiga magoti, akakinga kikombe cha chai, akamletea Bura. Ngoma ilipotoka jioni, ilitoka na kila kitu. Bamba lilikuwa limekatika pale lilipofungiwa silinda, na silinda ikawa inaning'inia kwenye kipaipu chake kama jino la mtoto. Bura akaligusa lililobaki kwa bisibisi. Bisibisi ikapita upande wa pili. Akagusa tena mahali pengine, ikapita tena. Kutu ilikuwa inadondoka kwa matabaka, kama maganda ya kitunguu. Tairi ya pili ikawa hivyo hivyo. Nikamwuliza Bura, sasa? Akasema karakana ya shamba watachomelea. Asubuhi tu. Gari itashuka kesho.

Usiku wa kwanza Udagwenga alilala. Asubuhi gari ikavutwa kwa trekta mpaka karakana, na sisi watatu tukaifuata kwa miguu, Sista amebaki na wagonjwa. Mkuu wa karakana alikuwa mtu mwema, nataka niseme hivyo. Lakini kombaini mbili zilikuwa zimelala mlangoni, na mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima Hanang. "Bibi karani, ngano ikinyeshewa imesimama, mimi nitawaambia nini wakubwa? Ngojeni fundi amalize kombaini." Nikamwambia kuna mtoto. Akasema, "Na mimi ninao." Stoo yao ilijaa vipuri vya kombaini na matrekta, vimefungwa kwenye makaratasi ya mafuta, rafu mpaka darini. Bamba la Land Rover halikuwepo. Halikuwepo Katesh, halikuwepo Mbulu, na Arusha pia wakati ule ungeambiwa uache jina. Tukakaa kwenye pipa tukangoja. Udagwenga alikuwa anaangalia jua, halafu gari, halafu jua. Mimi nilikuwa natembea huku na huku mpaka mafundi wakaanza kunizomea. "Karani, kaa chini, unatuchimbia mtaro!"

Fundi wa kuchomelea alikuwa anaitwa Hhando, mfupi, mcheshi, masikio meusi kwa moshi. Alipopata nafasi jua limeshapinduka. Akachukua lile bamba, akaligeuza, akacheka. "Bura! Hii gari ni ya Nuhu? Ilikuwa chini ya gharika?" Bura akasema naiosha kila safari, fundi, hakuna gari safi kama hii wilaya nzima. "Ndiyo nakuuliza, unaiogesha wapi?" Hhando akakwangua kwa kucha nyuma ya bamba, kulikuwa na kitu cheupe kimeganda chini ya kutu. Akaweka kwenye ulimi. Akatema mate. Hakucheka tena. "Chumvi," akasema. "Hii imeliwa na chumvi."

Bura alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Udagwenga hakujua Kiswahili kingi, lakini neno lile alilijua, ndilo neno la sokoni. Akasogea, akapitisha kidole pale Hhando alipokwangua, akaonja na yeye. Akasema kitu kifupi kwa lugha yake. Nikamwuliza Bura anasemaje. Nikamwuliza tena, unajua mimi sina subira, nikamvuta shati. Akasema bila kuniangalia: "Anasema anaijua. Ni ya kwao."

Hhando alijaribu. Akawasha mashine, akagusa moto pembeni ya tundu, na chuma kikatoweka mbele yake, tundu likawa kubwa zaidi. "Chuma hakipo hapa, ni picha tu," akasema. Huwezi kuunga kitu na picha. Akajaribu kukata jingine kutoka pipa la dizeli, likawa jembamba, likapinda kwa mkono. Mwishoni akaenda kwenye kombaini mbovu iliyokuwa nyuma kwenye vyuma chakavu, akakata ubavu wake kwa moto, bati nene zuri. Bamba la kwanza akalianza pale pale: kuchora, kukata, kutoboa matundu moja moja kwa drili iliyokuwa butu, kupima, kupeleka faili, kupima tena. Giza likaingia hajamaliza, na jenereta ikazimwa kwa sababu dizeli ni ya kuvunia. Nilikuwepo Bura alipomgeukia Udagwenga. Sikuhitaji tafsiri. Nilishalijua neno lao la kesho.

Jioni ile tulikula ngano yetu na maharage sebuleni, na Udagwenga hakula. Sista akamsogezea maziwa. Akanywa kidogo kwa heshima. Friji ilikuwa imeanza kuwaka njano kwa sababu mafuta yalikuwa yanakaribia kwisha. Sista alikuwa anaigeukia kila tonge. Akaniambia kwa Kiswahili cha haraka, ili mgeni asifuate: "Tungemwacha atembee jana, angekuwa anafika sasa." Nikasema ndiyo, lakini jana hatukujua. "Na leo?" Nikasema leo akianza kutembea atafika kesho usiku, na gari kesho asubuhi. Hesabu ilikuwa ile ile. Kupitia ukuta nilimsikia baadaye Bura yuko barazani na Udagwenga, wanaongea chini chini. Sauti ya Bura ndiyo iliyokuwa inavunjika, siyo ya kwake. Yeye alikuwa anasema neno moja, ananyamaza, anasema tena, kama mtu anayembembeleza mtoto wa mwingine.

Siku iliyofuata bamba la kulia lilikuwa tayari saa za asubuhi, jipya, la rangi ya kombaini. La kushoto Hhando alisema hawezi kumaliza leo, kombaini imekatika mnyororo, mkuu amemwita. Basi akachukua kipande cha lile la zamani kilichokuwa bado kina nyama kidogo, akakiwekea kiraka pande zote mbili kwa bolti. "Hii nenda nayo taratibu. Taratibu sana, Bura. Kama unambeba bibi yako." Tukatoa upepo kwenye breki, mimi ndani nakanyaga pedali, Bura chini anapiga kelele "Kanyaga! Shika! Achia!" Pedali ikawa ngumu. Mungu wangu, nilifurahi kama nimefaulu mtihani. Sista akaja na kijisanduku cha barafu, chanjo ndani, vidonge mfukoni mwa gauni lake jeupe. Udagwenga akapanda nyuma akashika chuma. Bura akasema kwanza tuijaribu hapa kwenye tambarare kabla ya mlima.

Ni yeye aliyetaka kujaribu, na ndiyo maana niko hai naandika. Tulikwenda kwenye barabara ya shamba, ngano imekatwa pande zote mbili, akaongeza mwendo kidogo, akakanyaga. Kulisikika mlio kama mtu amevunja fimbo. Gari ikageuza kichwa upande wa kulia, ikaruka mtaro, ikaingia kwenye mabua, ikasimama na pua kwenye udongo. Hakuna aliyeumia isipokuwa Sista kidole. Bura alishuka, akainama nyuma, akainuka na kipande cha bamba mkononi pamoja na kiraka chake. Bolti zilikuwa nzima. Chuma chenyewe kimechanika kuzizunguka. Akakaa chini kwenye mabua. Mwanaume mrefu vile, akaweka kipande kile kwenye magoti akaanza kulia kwa sauti, na kombaini zinapita kwa mbali zinavuna.

Udagwenga alikuwa ameshashuka. Hakumngoja mtu. Alikuwa ameanza kutembea kwenye mabua yanayochoma, na zile nyayo zake, kuelekea ukingo wa mlima. Sista akavua viatu vyake vya kazi, vile vyeupe vya kufunga, akamkimbilia, akamvalisha kwa nguvu. Akarudi akafungua mlango, akachukua kijisanduku. "Bura, nyanyuka. Utalia chini." Bura akanyanyuka. Akaweka kijisanduku kichwani kama mwanamke, na wakata mabua walipoona dereva anabebeshwa kichwani wakapiga miluzi, na hakugeuka. Tulishuka kwa miguu sisi wanne. Sista pekupeku. Njiani alikuwa ananipa vidonge nivibebe mimi, halafu anavichukua tena, kama vile mfukoni mwangu vitachelewa zaidi.

Tulifika kesho yake. Barafu ilikuwa bado ipo kidogo, na kabla jua halijaisha Sista alichanja watoto wa vijiji vile mpaka chupa ya mwisho. Wengi walipona, wengine hawakuugua kabisa, na wapo mpaka leo wana wajukuu. Nasema hivyo kwa sababu Sista alitaka kila mara lisemwe. Lakini kwanza aliingia kwenye nyumba ya Udagwenga. Ndani kulikuwa giza, harufu ya maziwa na moshi, na mke mwenza amekaa na Gidamuna magotini. Homa ilikuwa imeshashuka. Mtoto alikuwa anaomba uji. Udagwenga aliposikia sauti yake akapiga kigelegele, akadhani tumewahi. Sista akamfungua mtoto kope kwa vidole viwili, akawasha tochi. Akafungua na jingine. Akakata kidonge kwa meno, akamkamulia mafuta mdomoni, akampa na cha kesho mama yake, kama inavyotakiwa. Halafu akazima tochi. Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa anauliza uji uko wapi, na bakuli lilikuwa mbele yake.

Kidato cha tano sikuitwa. Mwaka ule ulipokwisha nikaondoka Basotu, Sista akahamishwa, mashamba nayo baadaye yakafa, kombaini zikaoza pale pale zilipo. Bura nilisikia ameacha kuendesha, amefungua kibanda cha kuosha magari Endasak barabarani. Sikuwahi kwenda. Miaka yote nilipita pale kwenye basi nikageuza uso.

Kwa hiyo siku ya mazishi, tulipoaga, mimi na Sista tulikuwa tunaondoka na gari ya kukodi iliyonileta mimi, imeegeshwa kwenye kibanda kile. Tukakuta mwanaume mzima amechuchumaa kwenye tairi ya nyuma na ndoo ya maji ya mvua, mikono imeingia nyuma ya tairi mpaka viwiko. Dereva wetu alikuwa anamlalamikia. "Kaka, mbona sikukuomba? Mimi sina hela ya kuosha." Yule mtu akasema hakuna hela, kila gari inayoingia hapa inaoshwa huko ndani kabla ya kuondoka, ndivyo mzee alivyotaka. Aligeuza uso kufuata sauti za viatu vyetu. Macho yote mawili meupe. "Mmepita ziwani?" akauliza. Nikasema hatukupita, tumetoka Katesh. "Hata hivyo," akasema.

Sista akamwambia jina lake. Yule mtu akasimama, akajifuta mikono, akatoa shikamoo, na kwangu pia, na akasema Bura alimchukua kutoka ziwani akiwa bado mdogo, mama yake alikubali, akamlea hapa hapa. Sista akauliza lile swali lake, yale mabamba yako wapi. Gidamuna akanyoosha mkono ukutani bila kupapasa. Yalikuwa yametundikwa kwenye misumari, lile la kutu lililochanika na lile la kombaini, pamoja. "Alikuwa ananipa niyashike kila asubuhi," akasema. "Hili, halafu hili. Mpaka vidole vikajua." Akachuchumaa tena kwenye tairi ya pili. Sista Zainabu, na miguu ile iliyovimba, akashuka magoti kwenye tope pembeni yake akachukua kopo, akawa anamwagia maji pale mkono wake ulipo. Gidamuna akapapasa nyuma ya ngoma, polepole, akizunguka bamba lote, akirudi mahali pamoja mara mbili.

"Hili bado zima," akasema. "Mnaweza kwenda."